Udi wa Mama Alima

Mpendwa Mama Jeanne, niokoe kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama yake mchumba wangu Rachid anataka nimpe jibu la tarehe ya harusi na mimi niko karibu kurudisha pete. Rachid simlaumu kwa lolote, tatizo ni nyumba ya mama yake, Mama Alima, kule Kamalondo, kila nikiingia kifua kinabana na napiga miluzi kama birika, na kweli nina pumu tangu utoto lakini sijawaambia, nani ataoa mgonjwa, kwa hiyo pompe yangu ya kuvuta dawa ya pumu naiacha nyumbani chini ya godoro. Mama anawasha udi wa kupokea mgeni, nikikohoa anaongeza: "Mutoto wangu, homa iko inakusumbua, ngoja niweke ingine, itatoka!" Na kichwa huniuma kwa woga wa ziara, basi kabla ya kutoka nameza ibuprofeni mbili ili nifike natabasamu. Rafiki yangu Myriam anasema: "Ule mama iko na dawa, anakufunga pumuzi!" Nilimkatalia, ila mwezi uliopita jino liliniuma, nikameza ibuprofeni zile zile, nikabanwa vibaya nikiwa kwetu Katuba, na siku hiyo Mama Alima alikuwa msibani Lukafu, mbali na mji. Myriam anasema uchawi wake unafika mbali. Nampenda Rachid hadi nalia. Nifanye nini?

Claudine, Katuba

Claudine binti yangu, pole kwa kifua, lakini hapo pa Lukafu nimecheka hadi miwani ikaanguka. Mama yuko msibani, vidonge viko tumboni mwako, na wewe unamshuku mama! Wako wenye pumu ambao aspirini na ibuprofeni huwafunga kifua, na inaonekana wewe ni mmoja wao. Moshi unamalizia kazi. Huyo mama anakuchomea udi wake mzuri, wewe unamwita mchawi. Aibu ikushike kidogo, halafu tuendelee.

Vidonge hivyo acha leo. Kesho nenda kwa daktari, umweleze habari ya jino kama ulivyonieleza mimi, akuambie dawa gani ya maumivu inakufaa. Mara nyingi ni parasetamoli, ila usijipimie mwenyewe. Pompe itoke chini ya godoro, godoro halina pumu! Ikae kwenye mkoba wako kila uendako. Ukivuta na pumzi isifunguke, ni hospitali mara moja, si kwa Myriam. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wahenga hawakusema "isipokuwa akiwa na mchumba". Rachid hawezi kuoa picha yako, mama.

Jumamosi nenda. Kabla hajawasha makaa, mwonyeshe Mama Alima pompe yako, umwambie: "Mama, munipende hivi hivi, lakini bila moshi." Akitoa chetezo cha udi nje, mpe tarehe.

Mama Jeanne