Kwako Baba, Diwani wa Kamba

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi 2014 ulipoomba maji ya kunywa, ukayashika mkononi, usiyanywe. Kikombe chako cha bati bado kinaning'inia kwenye msumari wake. Mama hataki mtu akiguse.

Tunakukumbuka, Ildefonsi Niyitegeka, mwana wa Makere. Ulianza kwa kubeba magunia ya maharage sokoni Kasulu, na kovu la kazi hiyo lilibaki shingoni mwako hata ulipovaa koti la udiwani. Wewe ndiye uliyewakusanya wapakiaji ukawaambia kwamba gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, halitapanda tena mgongoni mwa mtu. Malori yalilala matupu siku nne. Mzee Khatibu, mwenye duka la nafaka, alikufuata akifoka, "We Ildefonsi, unataka maharage yatembee yenyewe?" Ukamjibu, "Hapana, Mzee wangu. Nataka yabebwe na mtu atakayeweza kurudi kesho." Huyo huyo Mzee Khatibu ndiye aliyetoa gari likupeleke kaburini siku ya mwisho.

Ulikuwa na desturi moja iliyowaudhi wakubwa. Ukimkuta kibarua shambani, hata kijana aliyevuka mpaka wa Burundi jana kupitia Manyovu, uliinama ukampigia makofi ya salamu kama anavyosalimiwa mzee wa ukoo. "Mwakeye, mwakeye," ukimwamkia kwa Kiha, mpaka naye acheke. Wakakuita diwani wa Warundi. Wakasema jina lako lenyewe linatosha kukurudisha kwenu. Uliwajibu kwamba jembe haliulizi mtu amezaliwa wapi.

Halafu ikaja kamba. Wenye mashamba walikuwa wakipima ngwe ya kibarua, sehemu yake ya kulima kwa siku, kwa hatua, na kila mmoja alimtafuta mtu mwenye miguu mirefu kuliko wote ampimie. Wewe ukamwomba mama mmoja kibarua, mwenye mtoto mgongoni, atembee hatua ishirini mbele ya mkutano. Ukanyoosha kamba ya katani juu ya nyayo zake, ukaifunga fundo kila hatua tano. Hiyo ndiyo ikawa ngwe ya Makere, kila upande kamba moja. Wenye mashamba walipiga kelele: "Sasa tutalima kwa mwendo wa wazazi!" Ulicheka mpaka machozi yakakutoka, lakini kamba hukuilegeza.

Baba, sasa nafika pale ambapo mkono wangu unakuwa mzito. Mama amenipa ruhusa niandike, na nitaandika yote.

Novemba 2013 ulinituma Kagerankanda kusimamia upandaji wa maharage kwenye shamba letu. Kamba niliisahau nyumbani. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, vibarua walikuwa wamefika, nami nikaona aibu kurudi kuifuata. Nikapima kwa hatua zangu. Unaijua miguu yangu. Kibarua mmoja, Harerimana, aliniambia taratibu, "Kaka, hii si ngwe ya diwani." Nikamjibu mbele ya wenzake, "Mimi ni mtoto wa diwani. Lima."

Jumapili, kwenye mkutano wa kata, Harerimana alisimama. "Bwana diwani, mimi sina maneno mengi. Twende shambani kwako na kamba yako." Umati mzima ulikwenda. Kamba iliponyooshwa, ngwe ilizidi kwa mafundo mawili mazima. Mtu mmoja akapaza sauti, "Diwani wa kamba, leo kamba imekunyonga!" Vicheko vilisikika mpaka barabarani.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako, hatua tatu tu. Ulijua ni nani aliyepima. Ukasema, "Shamba ni langu. Kosa ni langu." Ukavua koti, ukaomba jembe. Harerimana alikuwa amekwisha kulima ngwe yake yote ya wizi, basi ukamlimia ngwe yake ya siku iliyofuata, peke yako, watu wakikutazama. Nami sikufungua mdomo. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba mashairi yangu hayamwogopi mtu.

Njiani kurudi uliniambia, "Nico, miguu mirefu umepewa na Mungu. Usiifanye rungu." Kisha ukaongeza, "Siku utakayoweza, utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea." Kila siku nilisema moyoni, kesho. Ikawa Desemba, ikawa Februari. Ikawa asubuhi ya kikombe.

Leo maharage yanapandwa tena, na wenye mashamba wameitupa kamba. Wanapima kwa hatua kama zamani. Vibarua wakiuliza, wanajibiwa, "Hata huyo diwani wenu, kwake alipima kwa hatua." Wanalima mpaka giza kwa ajili ya ukimya wangu. Baba, ulitukanwa mengi ukiwa hai na ulijua kujibu. Hili huwezi kulijibu, na mwenye jibu ni mimi.

Kwa hiyo kila asomaye ajue: Ildefonsi Niyitegeka hakupima shamba lile. Nilipima mimi, Nicodemus, mwanawe.

Kamba uliyoifunga, Baba, bado naishika,
Uongo niliuchunga, mwaka mzima kwa shaka,
Leo mbele ninasonga, kosa langu natamka,
Jina walilolipinga, ni safi, halina taka.

Ungekuwepo ungesema, kama ulivyosema daima, "Shairi zuri. Jembe liko wapi?" Jembe lipo, Baba. Jumamosi hii, baada ya misa ya kukuombea kigangoni Makere, tutakwenda shambani Kagerankanda mbele ya yeyote atakayekuja. Nimemwomba Harerimana anyooshe kamba, anipimie ngwe niilime. Aliniuliza, "Ya diwani au ya mtoto wa diwani?" Nikainama nikaitazama miguu yangu. Akanishika bega, akasema, "Basi ya diwani. Lete kamba."

Unakumbukwa na mkeo Odilia, anayekifuta kikombe chako kila asubuhi. Binti yako Careen. Mdogo wako Castory. Wapakiaji wa soko la Kasulu. Na vibarua wa Makere, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka.

Na mimi mwanao. Nisamehe, Baba. Kila nitakapoinyoosha kamba hii, nitakuwa nakukumbuka, siku zote za maisha yangu.