Mlinzi Aliyestaafu, Kisha Akarudi Getini

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Katubuka tu wazima, mimi na kuku. Unauliza kama shirika lenu dogo liwaandikishe wafanyakazi kwenye mfuko wa pensheni, kwa kuwa michango hiyo haitozwi kodi.

Ujanani nilipikia shirika kama lenu. Mlinzi wetu, Mzee Bukuru, alipostaafu tulimpa soda, hotuba na saa ya ukutani. Kesho yake tukamkuta amekaa getini.

"Mzee, si umestaafu?"

"Mimi nimestaafu, binti yangu. Tumbo bado."

Mkurugenzi alipita asimtazame. Mwezi uliofuata tuliandikishwa sote, ila yeye alikuwa amechelewa.

Waandikishe, hata kodi isingesamehewa. Pensheni yangu ni ndogo, lakini inafika kila mwezi. Katika ukoo huu hakuna mwingine anayefika hivyo.

Bibi yako