Raha ya Mchi

Jumatatu, 4 Mfunguo Mosi 1306
Nimetwanga kabla ya jua kutoka. Mchele wa leo, wa kesho, na akiba juu yake. Wifi yangu Faida alipoamka alikuta ungo umejaa, akasema nyumba hii haitalala njaa hata mto ukikauka. Mvivu yule, lakini maneno anayo.

Viganja vyangu vina sugu kama vya mpiga kasia. Nazipenda.

Tumbo limeanza kuonekana, mwezi wa nne sasa. Mume wangu Ramazani ananitazama kama mtu aliyebeba mayai. Mimba ya mwaka jana ilitoka. Hatuizungumzii.

Alhamisi, 14 Mfunguo Mosi
Mpunga wetu umekwisha wote, nimeukoboa. Nikazunguka uani bila kazi. Kichwa kizito, hasira isiyo na sababu. Nimemgombeza kuku.

Mwisho nikaenda kwa jirani upande wa mtoni, nikamwomba mpunga wake nimtwangie. Alidhani namtania. Nikatwanga, kichwa kikawa chepesi, nikarudi nyumbani mtu mwema.

Ni hivi tangu mwaka jana. Tulipokwisha kuzika kile kilichotoka, watu walikuja, wakakaa, wakauliza. Nikashika mchi. Mchi hauulizi kitu.

Jumapili, 24 Mfunguo Mosi
Wanawake wananiletea mpunga hadi mlangoni. Tangu tuhamie Kindu kutoka Kasongo sijapata kusifiwa hivi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikisifiwa natwanga mpaka mchele unavunjika.

Mgongo unauma. Nikisimama kupumzika unauma zaidi, basi sipumziki.

Jumatatu, 3 Mfunguo Pili
Damu. Kidogo, rangi ya kutu.

Ramazani alikimbia kumwita Mama Mwayuma, mkunga, mzaliwa wa huku. Akanipapasa tumbo, akasema, "Mutoto iko muzima. Lakini muchi, hapana tena. Ukitwanga, utamupoteza huyu pia."

Nikasema ndiyo, Mama. Sikuwa nadanganya. Namtaka mtoto huyu kuliko kitu chochote.

Jumatano, 5 Mfunguo Pili
Sijapata usingizi. Mwili unauma kama homa, ila ngozi ni baridi. Mikono inatafuta cha kushika.

Faida ndiye anayetwanga. Anatwanga kama mtu anayefukuza nzi: mara mbili, anasimama, anajikuna, mara moja. Nililala kitandani nikauma shuka. Nikajiambia nitoke kidogo, nimwonyeshe tu mapigo, basi.

Nilimaliza kinu chote. Faida alishukuru, akaenda kuchota maji. Raha ile, Mungu anisamehe. Nimetimiza siku mbili tu za ahadi.

Ijumaa, 7 Mfunguo Pili
Nilingoja wanaume waende kuswali. Ramazani alisahau kofia yake, akarudi, akanikuta.

Hakupiga kelele. Aliutoa mchi mkononi mwangu, mchi ule ule aliouchonga mwenyewe tulipooana, akaondoka nao. Sijui ameuficha wapi. Mchonga mitumbwi kama yeye ana mahali pengi pa kufichia mti.

Nilichukua mpini wa jembe nikatwangia huo. Umenichuna ngozi.

Kuna mtu mtaani mvuta bangi. Kiko chake kikiwa kitupu hukaa kando ya ua akitetemeka, na sisi wanawake tukipita tunamcheka. Nami nimemcheka. Yeye angalau watu wana jina la kumwita. Nani amesikia mlevi wa kutwanga? Mke anayefanya kazi husifiwa.

Jumanne, 11 Mfunguo Pili
Nyumba imekata shauri kwamba nina pepo. Ramazani amemleta fundi wa pepo kutoka ng'ambo ya mto.

Walianza alasiri. Wakanifunika shuka nyeupe, wakafukiza ubani, wakapiga ngoma. Masikini hawa. Ngoma ile ilikuwa na mapigo ya kinu. Mwili wangu uliitika wenyewe, nikacheza mpaka jasho likanitiririka. Walikuja kuniponya wakaniletea kile kile ninachokitaka.

Kisha fundi akauliza: wewe nani, unataka nini? Kichwani mwangu hamkuwa na mtu ila mimi. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikanena kwa sauti nzito: nataka mchi wangu.

Faida akalia kwa hofu, akamwahidi pepo kuku wake wa pekee. Ramazani akatoka. Akarudi na mchi, akaniwekea mapajani kwa mikono miwili, macho chini. Ombi la pepo halikataliwi.

Kuku wa Faida tumemla jioni. Nyama ya paja nilipewa mimi, kwa niaba ya pepo. Nikaila.

Alhamisi, 20 Mfunguo Pili
Natwanga waziwazi. Wananiletea mpunga kwa heshima, wanauweka chini, wanarudi nyuma. Hakuna anayesema acha.

Nilidhani nitafurahi. Zamani kinu kimoja kilitosha kichwa kikawa chepesi. Sasa natwanga vitatu na wepesi hauji, au unakuja na kuondoka kabla sijauonja. Nikiweka mchi chini nawaza mchi.

Ramazani hukaa amenipa kisogo, akichonga. Leo nilimtazama sana. Nilikuwa nangoja aniambie niache. Hakusema, na ni mimi niliyemfunga mdomo.

Jumamosi, 22 Mfunguo Pili
Damu nyingi. Nilianguka kando ya kinu.

Mama Mwayuma aliwatoa wote nje. Akaweka sikio tumboni, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Nikaomba dua zote nilizofundishwa na baba. Kisha akasema, "Angali iko."

Akaniuliza, polepole, "Ile njo pepo, ao njo wewe?"

Pepo, au mimi? Niligeukia ukuta. Akasema, "Kama njo pepo, tumuite fundi. Kama njo wewe, fundi hana dawa."

Nikasema ni mimi. Akaninawisha miguu. Akaniambia nimwambie mume wangu mwenyewe, yeye hatanisemea.

Jumapili, 23 Mfunguo Pili
Nimemwambia. Aliuliza jambo moja: hata sauti ile? Nikasema hata sauti ile. Akaenda mtoni, akachonga mpaka magharibi.

Faida amenuna. Ana haki. Alimlilia pepo yule kwa machozi ya kweli, na kuku wake ndiye aliyekuwa akitaga.

Nilimwomba Ramazani aupasue mchi kwa shoka. Akakataa. "Utapata mwingine," alisema. "Kila nyumba iko na muchi." Akausimamisha pembeni ya mlango, mahali ninapouona.

Nilimchukia jioni yote. Lakini kasema kweli. Mvuta bangi anaweza kuhama mtaa. Mimi nitahamia wapi ambako watu hawali wali?

Jumanne, 2 Mfunguo Tatu
Nimelala. Nimekunja mkeka, nimeukunjua. Nimelia bila sababu, nikamtukana Ramazani, nikaomba radhi. Hakuna damu.

Jumatano, 10 Mfunguo Tatu
Idi kubwa. Tangu alfajiri kila ua unatwanga kwa ajili ya karamu. Mji mzima unatwanga. Jasho lilinitoka nikiwa nimelala.

Niliinuka. Nilifika mlangoni, mkono ukagusa mchi. Mti ulikuwa baridi.

Faida alikuwa amekaa kizingitini anachagua mchele. Hakuwa amesema nami tangu siku ile ya kukiri. Hakuinua macho. "Wifi, muchi iko pale," alisema. "Na mimi niko hapa." Akasogea kunipa nafasi.

Nikakaa. Tukachagua mchele pamoja, chuya huku, mawe kule. Haikutosha, hata nusu yake. Lakini nilikaa mpaka karamu ikaiva.

Jumamosi, 20 Mfunguo Tatu
Jana niliiba mapigo machache, Faida alipoenda kisimani. Nilimwambia aliporudi. Alisema vema, akachukua mchi, akaendelea kutwanga yeye.

Jumatatu, 6 Mfunguo Nne 1307
Mimba mwezi wa saba. Mto umepungua, mchanga umejitokeza upande wa pili. Ramazani amemaliza mtumbwi, na sasa anachonga kitu kidogo ambacho hataki nikione.

Asubuhi Faida alitwanga, nami nimelala kwa ubavu. Amejifunza, mapigo yake sasa ni mazuri. Alipoanza, mtoto akaanza kupiga teke tumboni. Faida akisimama, naye anasimama. Akianza, anaanza. Mama Mwayuma anasema watoto wote hupenda kelele. Mimi najua huyu wangu anangoja nini. Ni mimi niliyemzoeza.

Nikabana mikono kati ya mapaja. Nikamwambia mtoto, leo tusikilize tu.

Faida amemaliza, anapepeta. Mtoto ametulia. Mimi bado.