Ua la Ncha Sita

Jumamosi, 9 Agosti. Kagoma.
Nimehesabu maua mia mbili na kumi. Yote yana ncha tano. Mgongo unauma.

Mdogo wangu Projestus alichoma rweya, nyika ya nyasi ya nyumbani, wiki mbili zilizopita ili apande misonobari. Sasa kwenye majivu yametoka maua meupe, bila jani hata moja, yamekaa chini kama karatasi zilizotupwa. Cycnium. Tumeyaona tangu utotoni. Hayatoki kibanjani penye migomba na mbolea, yanataka nyika hii ya mawe na moto. Ukilichuma linakuwa jeusi kabla hujafika nyumbani. Nimestaafu kufundisha baiolojia mwaka jana tu, na Projestus anasema nimepata ugonjwa wa kutambaa.

Saa nane, karibu na mawe makubwa: ncha sita. Maua ishirini na matatu, yote sita. Hatua mbili pembeni, kiraka kingine, sita tena. Nje ya viraka hivyo sijapata hata moja.

Sikula mchana. Nina furaha ya kijinga.

Jumapili, 10 Agosti.
Baada ya Misa nimerudi na futi kamba. Sentimita sabini kwa arobaini. Viraka vyote viwili, sawasawa. Pembe zimenyooka.

Mimea haijui pembe. Sikupenda kuliona hilo.

Jumanne, 12 Agosti. Rwamishenye.
Nimebadilisha magazeti kwenye mbao za kukaushia. Sampuli zote nyeusi tii, kama kawaida yao. Nimetuma mbili kwa basi kwenda Dar es Salaam, kwenye hifadhi ya mimea mikavu, pamoja na picha.

Kama ni spishi mpya, nitaomba iitwe kwa jina la Mae, mama yetu. Alikufa bila kitu chochote chenye jina lake. Niseme ukweli, nataka na jina langu liandikwe pale chini. Miaka thelathini na tatu nimefundisha majina yaliyotolewa na watu wengine.

Miche ya Projestus inakuja tarehe thelathini. Nimemwomba asiguse penye mawe. Amesema ataona.

Jumamosi, 16 Agosti. Kagoma.
Leo limetokea jambo ambalo silielewi.

Nililala kifudifudi kwenye kiraka cha pili, na lenzi, nihesabu stameni. Jua kali. Upepo ukakata ghafla, hata inzi wakanyamaza. Nikasinzia. Mimi, ambaye silali mchana hata nikiumwa. Nimelala saa nzima, usingizi mzito, bila ndoto.

Kilichoniamsha ni jina langu, likiitwa polepole, kama unavyomwita mgonjwa kuona kama bado anapumua. Tatenkazi Odilia, dada yake marehemu baba. Alikuwa amesimama pembeni ya kiraka, pekupeku, kandambili mkononi. Akanishika mkono akaninyanyua kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usilale hapo, waitu. Lala popote, mwanangu, lakini si hapo."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema ebitoke vinapoa, ndizi za mchana.

Shavu langu lilikuwa na majivu. Nimenawa mara mbili. Nahisi bado yapo.

Jumapili, 17 Agosti.
Nimemvizia Tatenkazi kutoka kwenye migomba. Anapita penye mawe kila siku akienda kutafuta kuni. Akifika pale anavua kandambili, anazunguka, anavaa tena. Hakanyagi. Midomo inacheza.

Naogopa. Mtu wa lenzi na vipimo, naogopa.

Jumatano, 27 Agosti. Rwamishenye.
Jibu limekuja. Si spishi mpya.

Mtaalamu ameandika kwa upole, na hilo limeniudhi zaidi. Mmea ni uleule. Unanyonya mizizi ya nyasi, na nyasi zikishiba nao unashiba, mara nyingine unaongeza ncha. Udongo wa rweya una kina cha kiganja kimoja, chini jiwe. Pale kwangu, anasema, mizizi imeshuka mbali. Sentensi ya mwisho: "Mama, waulize wenyeji ni nani aliyewahi kuchimba pale."

Nimelia kama mtoto aliyenyang'anywa. Halafu nikakumbuka sabini kwa arobaini, nikaacha kulia.

Jumamosi, 30 Agosti. Kagoma.
Miche imefika. Watu wa Projestus walikuwa wamebakiza mistari miwili wafike penye mawe, Tatenkazi akaja akakaa chini katikati ya viraka. Akasema wamchimbe yeye kwanza.

Projestus akawapeleka vibarua kunywa chai. Nikakaa na Tatenkazi kwenye majivu. Aliongea akiangalia mikono yake.

"Mlizaliwa wawili, wa kike wote, kabla ya wakati. Mwenzako hakufika jioni. Mkunga akasema na wewe hutaiona asubuhi. Babu yenu akakataza wasiobatizwa kuzikwa kibanjani. Basi nikachukua jembe mimi. Nilichimba makaburi mawili, waitu, kwa mara moja. Niliogopa kurudi kuchimba tena."

Nikamuuliza mwenzangu yuko wapi. Akaonyesha kiraka cha kwanza.

"Hilo jingine ni lako. Nililifukia ulipotimiza mwezi. Mae wako aliniapisha nisiseme."

Kwa hiyo nilikuwa nimelala pale.

Namchukia Mae leo. Kesho labda hapana.

Jumapili, 7 Septemba. Kagoma.
Mvua ya kwanza. Maua yamenyauka, majani ndiyo yanaanza kutoka. Mimea hii hufanya kila kitu kinyume.

Nimeandika lebo za sampuli zilizobaki. Cycnium. Rweya iliyochomwa, karibu na mawe. Kiraka cha kwanza, kiraka cha pili. Makazi: udongo uliochimbwa na kufukiwa. Nimeandika hivyohivyo kwenye zote mbili, kwa sababu kwa mmea hakuna tofauti. Mwenzangu hakupewa jina. Nimekaa na kalamu muda mrefu, nikampa la Mae.

Projestus amepanda mistari yake yote, kiraka cha kwanza akakizungushia mawe vizuri. Ameuliza, kwa adabu, kama kile cha pili kinaweza kupokea mche mmoja, maana chini hakuna kitu.

Nimemwambia akiache. Siku yangu ikifika, wachimbaji wataongeza urefu tu.