Kitambaa Cheupe Mwambani

Jumatano, tarehe 4 mwezi wa tisa

Siku tatu! Akida kasimama juu ya kinu changu cha kusagia maharage — kinu changu! — akasoma amri. Pwani yote ihamwe. Wakubwa wa Beijing wanataka waasi wa visiwani wafe njaa, na dawa waliyoiona ni kututoa sisi. Nyumba zitachomwa. Mtaro utachimbwa huko bara, chini ya vilima, na atakayeuvuka kurudi huku atakatwa kichwa.

Shemeji Boqing kamwuliza akida kama samaki nao wanahama. Kazabwa kofi, bado akacheka. Mimi sikucheka. Tingrui yuko Nagasaki.

Alhamisi, tarehe 5

Mume wangu hajui lolote. Alikwenda kwa Wajapani na hariri na sukari, atarudi na shaba — wakati wowote sasa. Atatia nanga palepale pa kila mwaka. Askari wataona mtu katoka baharini, na kwa amri hii mtu wa baharini ni mwasi. Basi. Hawatamwuliza hata jina.

Sina njia ya kumpasha habari. Hakuna chombo kinachoruhusiwa kutoka. Nazunguka nyumba nzima, nashika vitu, naviacha.

Mama mkwe kafunga mzigo wake tayari: kibao chenye jina la marehemu baba mkwe, na karai. Lile karai la kupikia chakula cha matanga, lisilogusa mafuta ya nguruwe, linalotolewa mtu akifa tu. Mababu zetu walikuja kwa bahari kutoka magharibi, walikuwa na sala zao. Sisi tumebakiwa na karai na kuhesabu Ijumaa. Nikamwambia, Mama, chukua blanketi badala yake. "Blanketi nitaazima. Karai safi huko bara nani ataniazima, wala nguruwe wale?" Na jana tu kamaliza bakuli zima la nguruwe! Kwa walio hai haidhuru, anasema. Ni wafu ndio wanaonusa.

Ijumaa, tarehe 6

Nimepata! Kitambaa!

Tingrui akikaribia hutazama kwanza mwamba wa ncha ya ghuba. Ndivyo tulivyokubaliana tangu nilipoolewa. Nyekundu: nyumbani salama, ingia. Nyeupe: kuna msiba. Nyekundu iko juu tangu mwezi uliopita, niliitundika mapema kwa kumtamani. Ikibaki itamwua. Nikiitoa nisiweke kitu, atasema upepo umeichukua, au mke wangu mvivu, na ataingia vilevile. Kwa hiyo nyeupe. Akiiona atajua mambo yameharibika, atageuza zake.

Nimetoa jora zima jeupe. Boqing kapanda, kalifunga kwa kamba ya nanga — halitang'oka hata kwa tufani. Kateremka magoti yamechunika. "Shemeji, kwa mapenzi haya kaka anasafiri kutafuta nini?" Nikamtupia kiatu.

Leo nitalala.

Jumapili, tarehe 8

Wamechoma. Hata mti wa ndimu.

Tumepewa kona katika banda la bata la mtu wa bara. Mama mkwe alikuja mgongoni kwa Boqing, karai kichwani, askari wakimcheka. Kawaambia mama zao hawakuwafunza adabu. Hakuna aliyemgusa.

Mtaro umekwisha kuchimbwa. Sina la kuandika. Nanuka moshi.

Jumatano, tarehe 11

Nataka kufa.

Tulipanda kilimani kuokota kuni, mimi na Mama mkwe. Kutoka juu bahari inaonekana, na ncha ya ghuba, na juu yake doa jeupe. Macho yake bado makali. "Kile nini?"

Nikamweleza. Nilijisifu, Mungu anisamehe. Nikasema, nimemwokoa mwanao.

Akaketi chini, juu ya miba. "Nyeupe? Umetundika nyeupe?"

"Ndiyo Mama, ili ageuze."

"Msiba wa nyumba ile ni wa nani kama si wangu? Mwanangu akijua mama yake kafa atageuza? Wewe mwana wa watu, umeolewa na nani?"

Nikakumbuka. Baba mkwe alipofariki tulitundika nyeupe, na hatukuwa na haja ya kuambiwa Tingrui amefika. Hakungoja mashua. Alijitupa majini, akaogelea, akatambaa kwa magoti kutoka langoni mpaka kwenye jeneza, akilia kwa sauti kama inavyompasa mwana. Kijiji kizima kilimsifu. Magoti yale niliyaosha mimi. Mimi!

Nyekundu angalau angeingia polepole, labda angeona majivu, labda angeshtuka. Nyeupe atakuja mbio, macho yamejaa machozi, haoni kitu.

Alhamisi, tarehe 12

Nilimwomba Boqing arudi akalitoe. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Kasema ana kichwa kimoja, na mama mmoja wa kubeba.

Nikaenda mwenyewe. Penye mtaro kuna mti, na juu ya mti kichwa cha mwanamke. Alivuka kufuata viazi vyake. Askari kaniuliza nataka nini. Nikasema naokota kuni. Nikarudi. Nilirudi! Miguu yenyewe iligeuka. Nimejua leo kuwa mimi ni mwoga, na mume wangu hajui kwamba kaoa mwoga.

Mama mkwe hanilaumu. Afadhali angenipiga.

Jumamosi, tarehe 14

Asubuhi upepo wa kaskazini. Watu wamejazana kilimani, sisi sote wa pwani, bado hatujaweza kuacha kutazama.

Tanga. Moja. Linatoka upande wa kaskazini.

Boqing kasema si lazima liwe la kaka, matanga ni mengi. Amri imepita, matanga mengi yatoke wapi? Lilikuwa linakuja taratibu. Lilipofika usawa wa ncha likasimama kidogo — nilishika mkono wa Boqing mpaka akalia — halafu likageuka kuelekea ndani. Sasa linakwenda kasi.

Watu walianza kupiga kelele. Umbali huu nani atasikia? Nilipiga nami.

Nimeshuka. Sikuweza kutazama zaidi. Mama mkwe hakupanda leo. Yuko mlangoni mwa banda la bata. Kalitoa karai, analisugua kwa mchanga. Nimemwambia bado, Mama, bado, tanga tu limeonekana.

Anaendelea kusugua.