Mwanga Unaokawia Njiani

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mama. Huku sote wazima. Baba yako kahamia Chukwani na anakusalimu.

Unaniuliza kama naielewa kazi yako, ya kuupitisha mwanga kati ya vitundu vidogo vinavyourudisharudisha nyuma mpaka uende polepole. Naielewa sana! Ujanani nilishika njia ya Malindi, bandarini hapa Unguja, kuwahi meli ya Dar, nikatafute kazi. Uchochoro mzima mabaraza yaliyojaa watu, na kila baraza linaniita. Naitika "Naam," narudi, nasalimia mmoja mmoja. Meli ikaniacha. Nikarejea na sanduku langu begani, na nyuma ya mlango msichana akacheka: "Karudi yule!"

Nikasimama. Ndiye bibi yako, na bado ananicheka.

Basi uache mwanga ukawie. Ningeiwahi meli, leo nani angeniandikia?

Babu yako