Gerald Hakutuma Mshenga

Jumatatu, 14/7/2025
Tumekata mkonge mpaka saa sita. Jua kali. Tukaenda kula kwa Hajira, mama ntilie. Ugali, maharage, mchicha.
Ila watu hawaendi kwa chakula tu. Wanaenda kwa Gerald! Gerald ni mtu wa kwenye hadithi, inaletwa WhatsApp kila siku kipande. Mimi nina simu ya kitochi, sipati. Hajira anatusomea kwa sauti. Anajua kusoma huyo mama! Akifika kwa mama mkwe wa Gerald anabana pua. Kibanda kizima kinaacha kutafuna.
Gerald kafiwa na mke, kama mimi. Sasa anamtaka Upendo, mwalimu. Analia kila kipande. Leo kalia sokoni! Nikasema huyu mtunzi hajawahi kuona mwanaume aliyefiwa. Mama Maryamu alipoondoka mimi sikulia sokoni. Nilikula ugali mbichi mwaka mzima.
Hajira akacheka. Akaniongeza maharage.

Jumanne, 15/7/2025
Mambo! Gerald kapiga magoti. Hotelini, mbele za watu, na pete mkononi.
Semboja alitema maji. Semboja ni mwenzangu, tunakata mstari mmoja. Akauliza, mshenga yuko wapi? Mmoja akajibu labda anaegesha gari. Kelele! Akina mama wanasema ndo mapenzi hayo, nyie mnajua kuagiza ugali tu. Sisi tunasema mtu mzima haendi mwenyewe kusema namtaka fulani. Anatuma mtu. Wakikataa, aibu inabaki kwa mshenga. Ndo kazi yake.
Hajira akasema msinipigie mimi kelele, mtunzi yumo kwenye grupu, mwambieni mwenyewe. Akanipa simu nirekodi sauti. Nikamweleza mtunzi vizuri. Nikatoa mfano. Kwa mfano mimi nikimtaka Hajira hapa, siwezi kupiga magoti kwenye maharage. Namtuma Semboja kwa baba yake mdogo, Kwaluguru. Basi. Ikaenda.
Watu wakanigeukia. Nikauliza, nini? Mfano tu!
Hajira alikuwa anaosha sahani. Sahani moja, muda mrefu.

Jumatano, 16/7/2025
Kumbe grupu lina watu mpaka Handeni, mpaka Dar. Maryamu, binti yangu, kaolewa Handeni, naye yumo. Kapiga alfajiri. Shikamoo baba, nimekusikia! Anacheka hata hasemi. Nikamwambia ule ni mfano. Akasema haya baba, huo mfano unapika vizuri?
Mjinga huyu mtoto!
Alafu akaacha kucheka. Akasema yeye hana neno. Mama kapumzika, na wewe baba umekonda.
Sikwenda kula kwa Hajira. Nikanunua mihogo.

Alhamisi, 17/7/2025
Semboja hakuja kazini. Mihogo tena.

Ijumaa, 18/7/2025
Semboja karudi. Katoka Kwaluguru! Nikauliza kuna msiba? Anasema hapana, si umenituma. Mimi? Umesema mbele za watu, jina langu umelitaja. Kavaa kanzu, kachukua mtu wa kumsindikiza, kakaa na Mzee Kibwana, baba mdogo wa Hajira. Kapeleka maneno yote.
Nikamwambia Semboja una wazimu, ule mfano! Akaniangalia. Akasema mbona hukusema kwa mfano Paulina? Si jirani yako, mjane kama Hajira, nyumba ya bati?
 Nikakata mkonge mpaka mwisho wa mstari.
Mzee Kibwana hakukataa. Kasema Hajira ni mtu mzima, watamwita Jumapili wamsikie mwenyewe.
Naweza kuyafuta maneno hayo. Semboja kasema niseme tu, anarudi kesho kuwaomba radhi. Sijasema.
Hajira akikataa je? Chakula nitapata popote. Ile sauti nitaisikilizia wapi? Nitapitaje pale kibandani?
Nimenyoa ndevu.

Jumamosi, 19/7/2025
Nimeenda kula. Salamu tu, kila mtu anaangalia sahani yake.
Mtunzi kabadilisha hadithi! Gerald kamwomba Upendo radhi kwa yale ya hotelini, kamtuma mjomba wake. Kibanda kikapiga makofi. Semboja anapokea pongezi kama kaandika yeye. Hajira kasoma mbiombio, mama mkwe hakumbania pua. Akamaliza akasema kesho hafungui, anaitwa kwao.
Maharage hakuniongeza. Ila hakupunguza.

Jumapili, 20/7/2025
Kibanda kimefungwa. Tumekaa kwenye benchi lake, mimi na Semboja. Tunangoja nini, sijui. Kipande kipya kikaja kwenye simu ya Semboja. Anasoma kama anatembea na mwiba mguuni! Mjomba wa Gerald kafika. Wakamuuliza Upendo, unamtaka? Mtunzi kakata hapo hapo. Mbaya huyu mtunzi! Anauliza grupu, Upendo ajibu nini?
Alafu ikaingia sauti ya Hajira. Kutoka Kwaluguru. Kuku wanalia, mzee anakohoa. Anasema, mtunzi, Upendo asijibu leo. Asikubali, asikatae. Mshenga kafika, sawa, heshima tumeiona. Sasa Gerald naye aseme kwa mdomo wake. Magoti asipige. Na mifano asitoe.
Ikaisha.
Semboja anacheka mpaka kofia imedondoka. Grupu limewaka. Maryamu katuma makofi, mengi!
Nimebonyeza pa kurekodi, nikaachia. Tena. Nikaachia. Basi naandika hapa kwanza, nisikosee.
Mtunzi, habari za leo.
Hapana. Mtunzi hahusiki.
Hajira, mimi hapa, si Gerald. Kazi yangu unaijua. Nyumba yangu Kwamndolwa unaijua, paa linavuja upande mmoja. Kupika sijui. Nakutaka wewe.
Semboja kachungulia. Anasema hilo la mwisho ndo lianze, paa nisitaje. Mimi nasema paa libaki. Tunabishana, na Hajira yuko hewani, anaonekana anarekodi tena—